Mshenga Ndani ya Seli

Leo tunaanzia kinywani, kwenye meno, halafu tutashuka mpaka tumboni.

Mwaka 2004 watafiti wa Finland walichapisha habari za ukoo mmoja wa nchini mwao. Watu 11 wa ukoo huo walikuwa na mapengo ya kuzaliwa: kila mmoja alikosa angalau meno manane ya ukubwani. Wawili kati yao waliota matatu tu. Matatu, katika kinywa ambacho kwa kawaida huwa na 32! Hilo peke yake lingeweza kuishia kwa daktari wa meno, yakatengenezwa meno ya bandia na mambo yakaisha. Lakini wanane kati ya watu hao walikutwa pia na saratani ya utumbo mpana, au na vidonda na vivimbe vya aina inayotangulia saratani. Mapengo na maradhi ya utumbo yalikuwa yakirithiwa bega kwa bega, mzazi akimwachia mwanawe.

Chanzo kilipotafutwa, kikapatikana kwenye jeni moja inayoitwa AXIN2. Herufi moja tu ya DNA ilikuwa imegeuka, na kugeuka kwake kukaweka amri ya kusimama mahali pasipostahili. Protini iliyopaswa kuwa na asidi amino 843 ikawa inakatizwa inapofika ya 656.

Sasa utauliza, protini hiyo ina kazi gani hata kukatika kwake kuwanyime watu meno na kuwaletea saratani? Jibu linashangaza kidogo. Haimeng'enyi kitu. Haikati kemikali wala haiunganishi. Kazi yake ni kuzishika protini nyingine na kuziweka pamoja, ili hizo nyingine zifanye kazi. Nduguye wa karibu, anayetokana na jeni ya AXIN1, naye kazi yake ni hiyohiyo. Zote mbili huitwa aksini, na kundi lote la protini za tabia hii tutaliita protini-kiunzi.

Kabla sijaendelea, niseme neno moja juu ya namna tunavyofundishwa. Aliyesoma biolojia ya sekondari anaikumbuka michoro ya mishale: homoni inaigusa seli, mshale; protini ya kwanza inaiamsha ya pili, mshale; ya pili inaiamsha ya tatu, mshale; mpaka kwenye kiini cha seli, jeni inawashwa, mwanafunzi anapata alama zake. Michoro hiyo si ya uongo, ila kuna jambo inalolificha. Mtu anaondoka akidhani kwamba ndani ya seli kuna nafasi tupu, na kwamba protini ya kwanza inajua njia ya kwenda kwa ya pili. Nafasi hiyo haipo. Seli imefurika protini za maelfu ya aina, zinagongana na kusukumana kila sekunde, na hakuna yenye macho.

Kuna tatizo jingine kubwa zaidi: kimeng'enya kimoja kinatumika katika kazi nyingi. Mwili wa binadamu una kinasi zaidi ya aina 500. Kinasi ni kimeng'enya kinachobandika fosfati juu ya protini nyingine, na kubandikwa fosfati ndiyo mojawapo ya njia kuu za kuiwasha au kuizima protini. Baadhi ya kinasi hizo zinahitajika huku na kule kwa wakati mmoja, kwa amri zisizohusiana kabisa.

Chukua inayoitwa GSK3. Ilipogunduliwa ilijulikana kwa mambo ya sukari. Ukila ugali ukashiba, kongosho lako hutoa insulini, na insulini huinyamazisha GSK3 ili sukari iwekwe akiba kwenye ini na misuli. Hiyo ni kazi yake moja. Kazi yake nyingine haina uhusiano wowote na ugali: GSK3 hushiriki kuiharibu protini iitwayo beta-katenini, ambayo ikijaa katika seli za utumbo huziamuru zigawanyike. Unaiona hatari? Kama GSK3 yote ingekuwa inazagaa tu ndani ya seli, kila mlo ungekuwa ni amri kwa utumbo kuota nyama. Hilo halitokei, kwa sababu sehemu ndogo ya GSK3 imeshikwa na aksini, imetengwa kwa ajili ya beta-katenini peke yake, na amri ya insulini haiifikii. Kimeng'enya ni kilekile. Tofauti iko kwa aliyekishika.

Aksini ilijulikana kwa mkia wa panya kabla haijapata jina. Mwaka 1937, huko Marekani, mtafiti aitwaye Reed alieleza habari za panya wa maabara wenye mikia iliyopinda na pingili zilizoshikana. Kwa muda mrefu jambo hilo lilibaki la wafugaji wa panya, mpaka lilipopata mtu wa kulitazama kwa jicho jingine. Mtu huyo ni mama mmoja, Salome Gluecksohn-Schoenheimer, aliyezaliwa Danzig mwaka 1907 na kusomea Freiburg, Ujerumani, chini ya profesa Hans Spemann.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana mwalimu huyu ana habari yake. Mwaka 1924 Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walitangaza jaribio ambalo mpaka leo linafundishwa. Walichukua kipande kidogo cha kiinitete cha salamanda, wakakipandikiza upande wa pili wa kiinitete kingine, na ubavuni mwa kile cha pili ukaota mwili mwingine. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Mangold alikuwa ameshafariki, kwa kuungua moto, mwaka uleule jaribio lao lilipochapishwa.

Salome alikuwa Myahudi. Mwaka 1933 ilimbidi aikimbie Ujerumani ya Hitler, akaishia New York, akaanza kufanya kazi na panya. Mwaka 1949 aliandika kuhusu viinitete vya panya wenye badiliko kali la jeni ileile ya mkia. Waliorithi nakala mbili mbovu, moja ya baba na moja ya mama, walikuwa wakifa tumboni, na baadhi yao walikuwa wameanza kujenga mwili wa pili. Alichokiona mwalimu wake kwa kutumia kisu, yeye alikiona kikifanywa na jeni bila mtu kugusa kitu.

Jeni yenyewe ilipatikana mwaka 1997, na kundi la Frank Costantini wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Ndiyo AXIN1. Bibi Salome alikuwa bado hai, akikaribia miaka 90. Alifariki mwaka 2007 akiwa ametimiza 100.

Costantini na wenzake hawakuishia kwa panya. Waligeukia viinitete vya Xenopus laevis, yule chura wa kusini mwa Afrika mwenye kucha miguuni, ambaye maabara za dunia nzima zinamfuga kwa sababu mayai yake ni makubwa na hukua nje ya mwili wa mama, mtu anayaona. Walipoingiza aksini nyingi upande wa kiinitete ambao ungekuwa mgongo, mgongo ukakataa kujengeka sawasawa. Kisha wakafanya jambo la kijanja zaidi. Waliitengeneza aksini iliyokatwa kipande kimoja, kipande ambacho baadaye kilijulikana kuwa ndicho kinachoshikia protini nyingine iitwayo APC. Wakaiweka aksini hiyo pungufu upande wa tumbo. Kiluwiluwi kikaanza kuota mgongo wa pili.

Lione jambo hilo vizuri. Kiinitete kilikuwa na aksini zake nzima, hakuna aliyezitoa. Kilichoongezwa ni aksini iliyopungukiwa mkono mmoja. Nayo ilitosha kuharibu kazi ya zile nzima, maana iliwashika wengine ikamkosa mmoja, na kikao kikawa hakikamiliki. Ni jaribio ninalolipenda kuliko yote katika habari hii, kwa sababu linathibitisha kwamba kushika ni kazi, na inaweza kufanywa vibaya.

Basi tuingie ndani tukaangalie kikao chenyewe. Seli inatengeneza beta-katenini mchana kutwa na usiku kucha, na wakati huohuo inaiharibu. Inaonekana ni upotevu, lakini ndiyo njia ya kuwa tayari: siku amri ikija, seli haina haja ya kuanza kutengeneza, inaacha tu kuharibu. Aksini ni protini ndefu iliyolegea, na katika urefu wake ina mahali pa kuishika APC, mahali pa kuishika GSK3, mahali pa kuishika beta-katenini yenyewe, na pa kuishika kinasi nyingine iitwayo CK1. Wote wakishafika, kazi inakwenda kwa zamu. CK1 inaanza, inabandika fosfati kwenye asidi amino ya 45 ya beta-katenini. Fosfati hiyo ndiyo inayompa GSK3 pa kuanzia. Naye anabandika kwenye ya 41, kisha ya 37, kisha ya 33. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazotambuliwa na watoa hukumu wa seli. Beta-katenini inapigwa alama ya ubikwitini, inapelekwa kwenye proteasomu, mashine ya seli ya kusagia protini, inasagwa.

Ukiziweka GSK3 na beta-katenini peke yake kwenye kijibomba cha maabara, fosfati zinabandikwa kwa uvivu usio na mfano. Ongeza aksini, kasi inapanda zaidi ya mara 20,000. Nairudia kwa aliyeongeza sauti sasa hivi: elfu ishirini. Na aksini yenyewe haikubandika hata fosfati moja.

Amri inayosimamisha uharibifu huo inaitwa Wnt. Ni protini inayotolewa na seli jirani. Ikifika, inazishika protini mbili za kwenye utando wa seli, na hizo zinaivuta aksini kwenda ukingoni. Kikao kinavurugika, beta-katenini haisagwi tena, inajaa, inaingia kwenye kiini na kuwasha jeni kadhaa. Katika kiinitete kichanga, amri hiyo huamua mgongo uwe wapi. Baadaye, kwenye taya, huamua jino lichipue au lisichipue. Katika utumbo wa mtu mzima huziweka hai seli za shina, zile zinazozalisha utando mpya wa utumbo kila baada ya siku chache. Amri ni moja. Maana yake inategemea ni seli gani imeisikia na kwa kiwango gani.

Na miongoni mwa jeni zinazowashwa na beta-katenini imo AXIN2. Kadiri amri inavyopanda, ndivyo seli inavyotengeneza aksini zaidi ya kuishusha. Hiyo ndiyo breki waliyopungukiwa wale ndugu wa Finland. Nakala moja ya jeni ilikuwa nzima, nyingine inatoa protini iliyokatika, na kiwango cha amri kikakosa wa kukisawazisha vizuri. Jino hudai kiwango sahihi: likipata amri kidogo halichipui, likipata nyingi kupita kiasi halichipui vilevile. Utumbo nao, miaka mingi baadaye, ukizidishiwa amri ya kugawanyika, unaelekea kwenye saratani. Tafadhali usikimbilie kioo kuhesabu meno yako. Kukosa jino moja au mawili ni jambo la kawaida sana na mara nyingi halina maana yoyote. Habari hii ni ya mtu aliyekosa mengi tangu utotoni, katika ukoo wenye historia ya saratani ya utumbo.

Kwa anayetaka kukiona kiunzi kikifanya kazi mahali pepesi zaidi, ajabu yake ni kwamba mfano bora uko kwenye hamira, hii tunayoumulia maandazi. Hamira ina jinsia mbili. Ya jinsia moja hutoa harufu, yaani kipande kidogo cha protini chenye asidi amino 13 tu, na ya jinsia nyingine ikiinusa inaacha kugawanyika, inajivuta umbo kuelekea inakotoka harufu, na mwisho zinaungana. Ujumbe huo ndani ya seli hupita kwa kinasi tatu: Ste11 inaiamsha Ste7, na Ste7 inaiamsha Fus3. Lakini hamira isiyo na protini iitwayo Ste5 haiungani na yeyote. Kinasi zote tatu zimo, nzima, na harufu inanuswa kama kawaida, ndoa haifungwi. Mwaka 1994 ikaonyeshwa kwamba Ste5 inazishika zote tatu kwa pamoja.

Ste5 ni mshenga. Haolewi wala haoi, mahari haimhusu, na siku ya harusi huenda akakaa nyuma kabisa ya ukumbi. Lakini posa haikufika bila yeye, na wazee wa pande mbili hawakukaa mkeka mmoja mpaka alipowakalisha.

Ste11, ile kinasi ya kwanza, hutumika pia katika jambo lisilohusu ndoa kabisa. Hamira ikimwagiwa maji yenye chumvi nyingi, Ste11 hushiriki kuiamuru ijikinge kwa kutengeneza gliserini. Huko inashikwa na protini nyingine, Pbs2, ambayo ni kinasi na papo hapo ni kiunzi. Mwaka 2003 kundi la Wendell Lim, Chuo Kikuu cha California, San Francisco, liliziunganisha Ste5 na Pbs2 kuwa protini moja, wakazibadilisha hapa na pale ili njia ya kwenda kwenye ndoa ifungwe na ya kwenda kwenye chumvi ibaki wazi. Hamira ikainusa harufu ya mchumba, ikajiandaa kwa chumvi. Kinasi hazikuundwa upya. Mshenga alipeleka posa nyumba nyingine.

Wengi tuliosoma jaribio lile tulitoka na imani kwamba kiunzi ni cha kushika tu, hakina akili yake. Mwaka 2009 kundi lilelile likaonyesha kwamba mambo hayako rahisi hivyo. Fus3 imefungwa kwa namna ambayo Ste7 haiwezi kuiamsha vizuri hata zikikutana. Kuna kipande cha Ste5 kinachoifungua kwanza. Yaani mshenga wetu huyu pia humshawishi bwana harusi. Nadhani hili ndilo wanafunzi wanapaswa kuambiwa mapema: ukikuta protini haifanyi kemikali, usiseme haifanyi kitu.

Na wingi wake? Hapa akili ya kawaida inadanganya. Mtu atasema, kama kiunzi kinasaidia, basi viunzi vingi visaidie zaidi. Hesabu inasema vinginevyo, na seli zinakubaliana na hesabu. Viunzi vikiwa vichache, kila kimoja kinajaza nafasi zake. Vikizidi, kimoja kinamshika wa kwanza, kingine kinamshika wa pili, cha tatu kinamshika wa tatu, na hakuna aliyekutana na mwenzake. Ndiyo yale ya kila ukoo kuwa na mshenga wake. Kiunzi kiitwacho KSR, kilichogunduliwa mwaka 1995 kwa nzi wa matunda na minyoo, kiliwachanganya watu kwa sababu hiyo: kikikosekana ujumbe unadhoofika, na kikitengenezwa kwa wingi ujumbe unadhoofika pia. Kwa hiyo ukiniambia ugonjwa fulani umeharibu protini-kiunzi, bado hujaniambia kitu mpaka uniambie ni kipande gani kimekatika na kiasi gani kimebaki.

Tukirudi kwenye utumbo. Jeni ya APC ilitambuliwa mwaka 1991, kwa kufuata koo ambazo vijana wao huota mamia, hata maelfu, ya vivimbe vidogo ndani ya utumbo mpana. Utumbo huo usipoondolewa, karibu wote hupata saratani, wengi wao kabla ya uzee. Lakini habari ya APC si ya koo hizo chache tu. Karibu nane katika kila saratani kumi za utumbo mpana, za watu wasio na historia yoyote ya ukoo, zina APC iliyoharibika. Nayo huharibika kwa mtindo unaofanana. Protini nzima ina asidi amino 2,843. Kwenye saratani hukatika katikati, mara nyingi kabla tu ya sehemu zinazoshikana na aksini. Sehemu ya mwanzo inabaki. Saratani haikuhitaji APC ifutike, ilihitaji mkono wa kushikia aksini upotee.

Na huku Afrika Mashariki je? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda tangu miaka ya 1940 hadi ya 1960 na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto, alishangazwa na jinsi saratani ya utumbo mpana ilivyokuwa adimu katika wodi zake. Mwaka 1971 alitoa hoja kwamba ni chakula chenye makapi kinacholinda. Wataalamu wamebishana naye juu ya kiasi, lakini uadimu ule aliouona unapungua. Miji yetu imebadili sahani, na ugonjwa huu unaongezeka. Kwenye ini hali ni nyingine, maana huko Afrika Mashariki ina maadui wake wa zamani, homa ya ini aina ya B na sumu ya kuvu kwenye mahindi na karanga. Saratani ya ini inapochunguzwa jeni zake, baadhi hukutwa AXIN1 yenyewe imeharibika. Watafiti wa Japani waliliona hilo mwaka 2000.

Sasa, tiba. Dawa nyingi za saratani hufanya kazi kwa kuziba: kuna kinasi iliyopandwa wazimu, unatafuta kemikali ya kuiziba mdomo. Kiunzi hakina mdomo wa kuziba. Na hapa shida si kazi kuzidi, ni kazi kukosekana, maana kikao cha kuharibu beta-katenini hakikai. Unakirudishaje?

Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Novartis walipata mlango wa pembeni. Walikuwa wakichunguza kemikali iliyopewa namba XAV939, ambayo ilishusha amri ya Wnt bila mtu kujua imeshika wapi. Wakakuta imekishika kimeng'enya kiitwacho tankirasi. Kazi ya tankirasi, mojawapo, ni kuitia aksini alama ya kwenda kusagwa; ndiyo maana aksini huwa haba ndani ya seli. Ukiizuia tankirasi, aksini inadumu, inaongezeka, na uharibifu wa beta-katenini unaanza upya. Ilifanya hivyo hata kwenye seli za saratani ya utumbo ambazo APC yao imekatika. Aksini ikiwa nyingi kiasi, kile kipande cha APC kilichobaki kinatosha kusaidia.

Hilo lilikuwa jambo kubwa, na dawa za ukoo huo zimeendelea kutengenezwa, baadhi zikaingia kwenye majaribio ya awali kwa wagonjwa. Lakini panya waliopewa dozi kubwa waliumia utumbo. Ilitarajiwa. Utando wa utumbo wenye afya unajijenga upya kwa amri ileile ya Wnt inayoilisha saratani. Ukiizima kwa nguvu, unaizima kote. Kuna wengine sasa wanajaribu njia tofauti, ya kutengeneza kemikali ndogo inayoigandisha beta-katenini moja kwa moja kwenye mashine ya kuisaga, bila kusubiri kikao. Mwaka 2019 kemikali za namna hiyo zilionyeshwa zikifanya kazi maabara kwa beta-katenini yenye kasoro, ile iliyopoteza mahali pa kubandikiwa fosfati.

Dawa hizo bado hazijafika kwenye hospitali zetu, wala za wenzetu. Kilichopo, msikilizaji, ni kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana, ambayo kwa mtu aliyefiwa na mzazi au ndugu kwa saratani hiyo ina faida kubwa: kivimbe kikionekana kingali kidogo, daktari hukikata palepale, na mgonjwa mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Muulize daktari wako uanze ukiwa na umri gani. Kwa wenye historia ya ukoo, jibu huwa ni mapema kuliko kwa watu wengine.